Kabla ya kumwaga zege: jinsi ya kufufua skimu ya umwagiliaji ya kijiji

Niliwahi kuitwa kwenye skimu moja mwezi wa Oktoba, miezi michache baada ya uzinduzi. Lango la kuingizia maji lilikuwa jipya, zege jeupe, bango la mradi bado linang'aa. Mwenyekiti wa chama cha wamwagiliaji aliteremka mtoni, akaweka kiganja kati ya uso wa maji na sakafu ya lango. Shibiri moja kamili. Maji yalikuwa chini, lango juu. Mto ulipimwa Aprili, masika yamekolea, na kwa kina kile ukuta wa kukatisha mto na kuinua maji ulionekana ni gharama ya bure, ukafutwa kwenye usanifu. Wanakijiji wakarudia mawe na magunia ya mchanga ya siku zote, safari hii wakiyaegemeza kwenye zege la mamilioni.

Mwongozo huu nimewaandikia viongozi wa vyama vya wamwagiliaji, mafundi wa halmashauri, maofisa ugani, na vijana wanaotumwa na miradi kwenda "kuboresha skimu". Mifano ni ya Tanzania zaidi, kwa kuwa ndiko nilikotembea mifereji. Fedha ya mfadhili ikishatoka, kila mtu ana haraka ya kujenga. Hatua nne za kwanza zinafanyika kabla ya mfuko hata mmoja wa saruji kushushwa, na ndizo zinazorukwa.

Hatua ya 1: Anza kutembea kutokea mkiani

Mgeni wa skimu hupokewa ofisini, hupewa soda, kisha hupelekwa banioni, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kupiga picha. Mwambie mwenyeji wako kwa adabu kwamba banio utaliona mwisho. Anzeni kwenye jaruba (kishamba chenye kingo za kushika maji) la mwisho kabisa, pale mfereji unapofia, mpande nao kuelekea mtoni.

Mkiani hakuna anayeweza kukuficha kitu. Utaona majaruba yaliyopasuka, mpunga uliosinyaa, mashamba yaliyoachwa au kugeuzwa ya mtama. Uliza msimu gani maji yalifika mara ya mwisho na yalikaa siku ngapi. Mkipanda, andika kila mnachopita: tundu kwenye ukingo, toleo la maji lisilo rasmi, kipande kilichojaa tope, mgomba uliolazwa katikati ya mfereji kugeuza maji, kigawa maji chenye upande mmoja uliozibwa kwa gunia. Chora ramani kwa mkono, hata ikiwa mbaya. Ramani ya setilaiti haioneshi gunia.

Halafu rudi usiku, saa nane au saa tisa. Mchana watu wanagombania maji. Usiku katika skimu nyingi maji yaleyale yanapita bila mwenyewe hadi kwenye mtaro wa kutolea maji na kurudi mtoni, au yanakwenda kwa wenye nguvu za kukesha. Mama mmoja aliyekuwa akilima robo eka mwisho wa mfereji alinionyesha tochi yake ya kichwani, akaniambia, "Jembe langu ni hii, mwanangu." Kwa misimu mitatu alikuwa hajawahi kupata maji jua likiwaka. Kwenye ripoti ya mradi shamba lake lilihesabiwa kuwa "linamwagiliwa".

Wapare walilitatua jambo hili zamani kwa ndiva, bwawa dogo juu ya mashamba, linalofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Fanya hesabu uone akili iliyomo. Mkondo wa lita 5 kwa sekunde ukikusanywa saa 12 za usiku unatoa mita za ujazo 216. Ukiziachia kwa saa 4 asubuhi, pamoja na maji yanayoendelea kuingia, unapata mkondo wa lita 20 kwa sekunde. Mkondo wa lita 5 unanyweka na udongo njiani. Wa lita 20 unafika. Katika skimu yenye mto mdogo, bwawa la usiku linaweza kumfaa mtu wa mkiani kuliko kilomita nzima ya mfereji wa saruji.

Hatua ya 2: Pima maji kwa chungwa

Usisubiri vifaa vya gharama. Unahitaji kamba, futi ya kupimia, simu yenye saa, na chungwa. Chungwa ni zuri kwa sababu linazama karibu lote, hivyo upepo hauliyumbishi. Chupa ya maji iliyojazwa nusu nayo inafaa.

Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, kisicho na majani mengi, cha mita 20. Weka vigingi viwili, kimoja kila mwisho. Tupa chungwa katikati ya mkondo hatua chache kabla ya kigingi cha kwanza, anza kuhesabu likipita, simamisha likifika cha pili. Rudia mara tano, chukua wastani. Pima upana wa maji, kisha kina sehemu tatu au nne, uchukue wastani wa kina.

Tuseme upana ni mita 1.2 na kina cha wastani mita 0.35. Eneo la maji ni mita za mraba 0.42. Chungwa limetumia sekunde 50 kwa mita 20, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85; mfereji ukiwa wa udongo, wa kina kifupi na wenye majani, shuka hadi 0.7. Kwa 0.85 tunapata 0.42 × 0.4 × 0.85, ambayo ni mita za ujazo 0.143 kwa sekunde, au lita 143.

Pima hivyo karibu na banio, pima katikati, pima mkiani, siku moja. Kisha pima matoleo yote yaliyo katikati. Kilichoingia juu, ukitoa kilichotoka kwa matoleo na kilichofika mwisho, kinabaki kile kilichonywewa na udongo au kuchukuliwa kinyemela. Gawa mfereji vipande vya nusu kilomita, utajua ni kipande kipi kinavuja. Mara nyingi si mfereji mzima. Ni mita mia mbili au tatu kwenye mchanga, na pale penye mashimo ya fuko na kaa.

Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima. Ukikosa mwaka, usikose mwisho wa kiangazi, Oktoba hivi, kabla mvua hazijaanza. Kipimo cha kiangazi ndicho cha kusanifia lango, na kipimo cha masika ndicho cha kusanifia kuta zisisombwe. Ukivichanganya unapata shibiri ya yule mwenyekiti.

Hatua ya 3: Linganisha maji na eka

Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Iandike kwenye jalada la daftari, kwa sababu hesabu zote zilizobaki zinatoka hapo.

Mpunga wenye maji yaliyosimama, kwenye udongo wa mfinyanzi, chukulia milimita 10 kwa siku ukijumlisha kinachopanda kwa jua na kinachozama. Hizo ni mita za ujazo 100 kwa hekta kwa siku, sawa na lita 1.16 kwa sekunde bila kukatika. Kama nusu ya maji yanapotelea njiani, jambo la kawaida kwenye mifereji ya udongo, banioni unahitaji kama lita 2.3 kwa kila hekta. Lita zetu 143 zinatosha hekta 62 hivi. Mahindi yaliyokomaa yanakunywa kama milimita 6 kwa siku. Kwa upotevu uleule, maji hayohayo yanafika karibu hekta 100.

Sasa uliza chama kina hekta ngapi. Wakisema 150, zote mpunga, zote kiangazi, umeshajua ugomvi unatoka wapi, na hakuna zege litakaloutibu. Kinachobaki ni maamuzi: mpunga masika, na kiangazi vitunguu, maharage au mahindi; au kanda mbili zinazopokezana misimu; au nusu ya upotevu izibwe kwanza kabla ya kuongeza hata eka moja. Peleka hesabu hizi kwenye mkutano mkuu, ziandike kwenye karatasi kubwa ukutani. Nimeona mikutano ikibadilika hapo hapo, watu wakianza kugombana na namba badala ya kugombana wao kwa wao.

Hatua ya 4: Tazama juu na chini ya banio lako

Skimu ya Lower Moshi mkoani Kilimanjaro ilikamilika mwaka 1987 kwa fedha na utaalamu wa Japani. Ilisanifiwa kwa hekta 2,300, kati yake 1,100 za mpunga. Mifereji ilijengwa vizuri, mbegu ilikuwa nzuri, na mavuno yalipanda hadi karibu tani 6 kwa hekta. Majirani wa juu kwenye mto Rau waliona. Nani angeona magunia yale ya mpunga akaendelea na kilimo chake cha zamani? Nao wakafungua mifereji, wakapanda mpunga, maji yakapungua chini, na sehemu kubwa ya majaruba ya mradi ikabaki bila maji ya kutosha. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyoikausha. Mpaka wa mradi ulichorwa kuzunguka mashamba, ilhali mto una majirani.

Upande wa chini ni mkubwa vilevile. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993, na kilimo cha umwagiliaji cha bonde la Usangu kimehusika kwa kiasi kikubwa. Kuna jambo la kiufundi ambalo kila fundi anapaswa kulijua. Banio la zamani la mawe, miti na majani linavuja. Tulikuwa tunaliita duni, lakini kuvuja kwake ndiko kulikompa maji jirani wa chini, ng'ombe na samaki. Ukiliondoa ukaweka ukuta wa zege na lango la chuma, unaweza kuchukua mto wote mwezi wa Oktoba bila kuacha tone. Kwa macho ya skimu yako banio limeboreka. Kwa macho ya bonde, umefunga mto.

Kwa hiyo, kabla ya usanifu:

- Orodhesha mabanio yote ya juu na ya chini, angalau yale yanayofikika kwa siku moja ya pikipiki. Zungumza na viongozi wao, na muwaite kwenye mkutano wenu mmoja.
- Nendeni Bodi ya Maji ya Bonde kuhusu kibali cha kutumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakitaka, na jumuiya ya watumia maji ndiyo mahali pa kumalizia mivutano ya mto bila kufika mahakamani.
- Mwambieni msanifu aache pengo la kudumu kwenye ukuta, lisilo na lango, la kupitisha maji ya majirani wa chini. Pengo halihongwi.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo hata ndani ya skimu. Wahandisi wanapenda malango ya chuma yenye kufuli kwenye kila kigawa maji. Lango lenye kufuli linampa mwenye ufunguo biashara. Kigawa maji cha uwiano, ambacho ni kizuizi cha zege chenye mapengo mawili yaliyopimwa kulingana na eka za kila upande, kinagawa chenyewe: mto ukishuka, wote wanashuka. Mkulima asiyejua kusoma anaona kwa macho kama pengo lake limezibwa. Kina udhaifu wake, hakikupi uhuru wa kupeleka maji yote upande mmoja siku ya dharura, lakini katika skimu zenye mgogoro mimi huchagua kigawa hiki.

Hatua ya 5: Tengeneza ya bei nafuu kwanza

Safisha mfereji. Kufyeka na kuzoa tope kwa msaragambo (kazi ya pamoja) wa siku mbili kunaweza kukuongezea maji mkiani wiki hiyohiyo. Pima kwa chungwa kabla na baada. Watu wakiona namba imepanda, msaragambo wa pili hauhitaji faini.

Kisha sawazisha majaruba. Jaruba lenye tofauti ya sentimita 10 kati ya pembe ya juu na ya chini linamlazimu mkulima ajaze sentimita 10 za ziada kwenye pembe ya chini ili ya juu ilowe, wastani wa sentimita 5 shamba zima kama mteremko ni sawia. Hizo ni milimita 50, yaani mita za ujazo 500 kwa hekta, kila anapojaza upya. Pawatila (trekta dogo la mkono), ubao wa kuburuza na maji ya kina kifupi yanayoonyesha mabonde na vichuguu vinatosha. Fedha ya kusakafia mita chache za mfereji ingesawazisha mashamba mengi, ila kusawazisha hakukati utepe.

Usisahau mitaro ya kutolea maji. Kwenye tambarare zenye magadi, maji yakikosa pa kutokea, chumvi inapanda na miaka michache baadaye ardhi inakuwa nyeupe.

Mwisho kabisa ndiyo saruji, na iwekwe kwenye vile vipande ulivyovikuta vinavuja. Hata hapo uliza kwanza: maji yanayovuja yanakwenda wapi? Nilikuta kijiji ambacho visima vyake vifupi viliishi kwa maji ya mfereji. Wangeusakafia, wangehitaji mradi mwingine wa maji ya kunywa.

Hatua ya 6: Shambani, mkulima ajue lini asimwagilie

Watu wengi wanamwagilia kupita kiasi, na hawana kosa. Asiyejua zamu yake ijayo itakuja lini anajaza kila anapopata nafasi. Mbolea inasukumwa chini ya mizizi, mavuno yanashuka, na anayesubiri mkiani anaendelea kusubiri.

Kwenye skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, watafiti wa Tanzania na Australia waliwapa wakulima kifaa kiitwacho Chameleon, yaani kinyonga. Vihisio vinazikwa kwenye vina tofauti vya udongo, na kisomaji kinawasha taa kwa kila kina: buluu udongo umelowa, kijani una unyevu wa kutosha, nyekundu umekauka. Wakulima waliokuwa wakimwagilia kwa mazoea waliona buluu siku ya zamu yao, wakaacha maji yapite. Walipunguza kumwagilia, na muda waliookoa wakautumia kwenye kazi nyingine.

Kama hamna kifaa, tumia sepetu. Chimba sentimita 30, chukua udongo, ufinyange. Ukitengeneza donge lisilovunjika na kiganja kikabaki na unyevu, subiri. Ukimung'unyuka, mwagilia. Fanya hivyo shamba lilelile mara tatu, utashangaa ulikuwa unapoteza nini.

Kwa mpunga kuna kilimo shadidi: miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja kwa shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba linalowa na kukauka kwa zamu badala ya kusimama maji muda wote. Magugu yanaongezeka, kwa hiyo tayarisha vipalizi vya kusukuma. Lakini usikipeleke mahali ambapo zamu hazina uhakika. Hakuna mama mwenye akili atakayekausha jaruba lake kwa hiari kama hajui maji yatarudi Jumanne au mwezi ujao. Uhakika wa zamu unatangulia uokoaji wa maji.

Hatua ya 7: Zamu, ada, na nani ana sauti

Andikeni zamu kwa saa na kwa eka, muzibandike mahali pa wazi. Maji yakipungua, zamu zianzie mkiani. Wa juu watalalamika msimu wa kwanza. Mgawa maji alipwe, hata kidogo, na asiwe na shamba kwenye mfereji anaousimamia. Faini ianze na kiongozi wa kwanza atakayekamatwa. Nimeona skimu moja iliyotulia siku mwenyekiti alipotozwa gunia lake.

Ada msiikisie. Orodhesheni gharama za mwaka: posho za wagawa maji, mafuta ya pikipiki, saruji ya viraka, grisi ya malango, ada ya kibali. Jumla gawanyeni kwa eka. Kama fedha ni ngumu kabla ya mavuno, lipeni mpunga wakati wa kuvuna, upimwe kwa mizani, si kwa debe.

Daftari la wanachama liangalieni kwa makini. Jina ni la mume aliye mjini, mwenye miguu matopeni ni mke, na kwenye mkutano hana kura. Wakodishaji nao: katika skimu nyingi ndio wanaolima sehemu kubwa, lakini hawaitwi kwenye msaragambo wala kwenye uamuzi, na mwenye shamba haonekani. Sheria ndogo ziseme wazi kwamba anayelima ndiye anayewajibika kwa mfereji na ndiye anayesikilizwa kuhusu zamu.

Usajili wa chama, sheria ndogo na msaada wa kitaalamu vinaongozwa na Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013, chini ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Shughulikieni mapema, mradi usije ukaisha skimu ikiwa haina mwenyewe kisheria. Na mkishapewa skimu, msidhani kazi imeisha: mwaka 1998 wakulima wa Mwea, Kenya, waliikataa bodi ya serikali wakaendesha skimu kupitia ushirika wao, na mpunga uliendelea kuvunwa, lakini matengenezo ya mifereji mikubwa yaliwaelemea.

Hatua ya 8: Kupokea kazi

Mkataba useme kwamba sehemu ya fedha ya mkandarasi inazuiliwa hadi kiangazi kimoja kipite, na kwamba kazi itajaribiwa kwa maji, mto ukiwa chini. Kamati ya wakulima itembee mfereji mzima siku ya majaribio, kutokea mkiani kama kawaida, na sahihi ya kamati iwe sharti la malipo ya mwisho.

Baada ya hapo, nunueni daftari la kurasa 200. Kila wiki mistari minne: kina cha maji banioni, sekunde za chungwa kwenye kipande kilekile, zamu iliyokuwa ya nani, na jaruba la mwisho lililofikiwa na maji pamoja na saa yalipofika. Mstari wa nne uandikwe na mtu wa mkiani kwa mkono wake. Yule mama wa tochi ya kichwani sasa ndiye anayeuandika kwenye mfereji wake, na msimu uliopita nilipofungua daftari niliona saa nne asubuhi, saa tano, saa nne na nusu.